Kilichomo ndani ya ngao: kugeuza nembo kuwa bendera

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Uraibu wangu ni kuchukua nembo za miji, za shule na za wafalme wa zamani, kisha kuzigeuza bendera kwenye kompyuta. Kila mara naishia pale pale: nembo nzima katikati ya kitambaa cheupe. Wenzangu wananicheka, wanasema nachora kichwa cha barua. Sasa mjomba ana jahazi la mashindano, na kikundi chao kina nembo: ngao ya buluu yenye jahazi la kahawia, mnazi wa kijani na mwezi mwandamo wa manjano, siwa mbili, zile baragumu kubwa za kupuliza, zimesimama pembeni, chini pana utepe wenye jina la kikundi na mwaka. Wanataka bendera. Nifanyeje, na je, niandike Bismillahi juu yake? Pia nimesikia kwenye nguzo ya Vasco da Gama huko kwenu Malindi pana nembo ya Ureno. Inafaa kwa mazoezi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wenzako wana haki ya kucheka, ila kasoro haiko kwenye mkono wako. Iko kwenye unachochagua kabla hujaanza kuchora.

Nembo kamili ina vitu vingi vilivyorundikana: ngao, wanyama au watu walioishika pande mbili, kofia ya chuma au taji juu yake, ardhi wanayoikanyaga, na utepe wenye maneno. Bendera haivitaki vyote hivyo. Inataka kilichomo ndani ya ngao, basi. Nembo nzima ni bwana harusi aliyevaa joho, kilemba na jambia. Bendera inamwita bwana harusi peke yake. Na hata ngao yenyewe huichukui kama umbo. Ule mstari wa pembeni unaoizunguka unaufuta, rangi ya ndani inatandazwa mpaka kwenye kingo nne za kitambaa, na kuanzia hapo kitambaa ndicho ngao.

Huku si kupunguza kazi ili iwe rahisi. Ndivyo mambo yalivyoanza. Ulaya ya karne ya 12, mpiganaji aliyefunikwa uso na chuma alitambulika kwa mchoro wa ngao yake, na mchoro ule ule ukashonwa kwenye kitambaa kilichobebwa juu ya mkuki. Ngao na bendera zilivaa sare moja. Hakuna aliyeshona picha ya ngao juu ya bendera, kama vile wewe hushoni picha ya shati juu ya shati. Wanyama wa pembeni na tepe zenye misemo ni mapambo yaliyokuja baadaye, wakati nembo ilipokuwa imehamia kwenye mihuri, kuta na makaburi, ambako mtazamaji anasimama karibu na ana muda.

Ukitaka kuona utaratibu huu ukiwa hai, tazama bendera ya Maryland huko Marekani, iliyopitishwa 1904. Imetokana na nembo ya ukoo wa Calvert, mabwana wa Baltimore: robo mbili ni mistari ya manjano na nyeusi, robo mbili ni misalaba ya nyekundu na nyeupe. Ni bendera yenye kelele, wapo wanaoichukia, lakini ukiiona mara moja huisahau. Jirani yake, mji wa Washington, tangu 1938 unapeperusha ngao ya ukoo wa George Washington: uwanja mweupe, mikanda miwili myekundu, nyota tatu nyekundu juu. Halafu linganisha na bendera ya zamani ya Minnesota, iliyokuwa na muhuri wa jimbo katikati ya kitambaa cha buluu, wenye mkulima, mpanda farasi, maporomoko ya maji na maandishi. Majimbo mengi ya Marekani yana bendera za namna hiyo, na kutoka ng'ambo ya barabara huwezi kutofautisha moja na nyingine. Minnesota wenyewe walichoka, wakaiondoa 2024.

Ninayoipenda zaidi ni ya Amsterdam. Nembo ya mji ule ni ngao nyekundu yenye mkanda mweusi ulionyooka wima, na juu ya mkanda misalaba mitatu myeupe iliyolala kama alama ya kuzidisha, mmoja chini ya mwingine. Kwenye bendera, waliyoipitisha rasmi 1975, mkanda umelazwa: nyekundu, nyeusi, nyekundu, na misalaba imepangwa safu moja kwenda kulia. Ngao ni ndefu kwenda chini, kitambaa ni kirefu kwenda pembeni, nao wakaufuata urefu wa kitambaa. Hilo ndilo somo la pili baada ya lile la kufuta mapambo. Una ruhusa ya kupanga upya. Usipopanga, utabaki na mchoro uliosongamana katikati na nafasi mbili tupu kushoto na kulia, na hutajua kwa nini haupendezi.

Sasa tuje Malindi, maana swali lako la mwisho ndilo litakalokufundisha mengi kuliko yote.

Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498. Msalaba ulio juu ya ile nguzo umechongwa kwa jiwe la Lisbon, na una nembo ya Ureno. Chumvi na upepo vimeulamba, kwa hiyo usitegemee kuona kila kitu. Na jiwe halina rangi. Wachoraji wa Ulaya walikuja kubuni njia ya kuonyesha rangi kwa mistari tu, katika karne ya 17: nukta ni manjano, patupu ni nyeupe, mistari ya wima ni nyekundu, ya kulala ni buluu. Ijifunze, itakusaidia ukikutana na nembo kwenye stempu au kitabu cha kale. Lakini nguzo yetu ina umri mkubwa kuliko njia hiyo, basi rangi nakutajia mimi. Uwanja ni mweupe. Juu yake ngao ndogo tano za buluu zimepangwa msalaba, na kila moja ina vidoti vitano vyeupe, vinne pembeni na kimoja kati. Kuzunguka vyote hivyo pana pindo jekundu lenye ngome za manjano. Idadi ya ngome ilikuwa ikibadilika zamani. Leo ni 7, tumia hiyo.

Chukua karatasi ya vipimo vya bendera ya sentimita 60 kwa 90. Pindo jekundu lipe sentimita 8 pande zote. Ndani unabaki na 44 kwa 74. Ngao ndogo zipe urefu wa 12 na upana wa 10. Ukipanga tatu kwenda chini na kuacha sentimita 2 juu, chini na baina yao, zinaenea sawasawa: 36 na 8 ni 44. Tatizo linakuja kwenda pembeni. Ukiziacha zile za kushoto na kulia zibanane na ya kati kwa sentimita 2 vile vile, kila upande utabaki na uwanja mweupe wa sentimita 20, na bendera itaonekana imekonda katikati. Ukizisukuma hadi nafasi zote ziwe sawa, sentimita 11 kila moja, ule msalaba unavunjika, unaona safu mbili zisizojuana. Mimi huacha 7 baina ya ngao na 15 kutoka ngao ya mwisho hadi pindo. Jaribu zote tatu uzitazame ukiwa umesimama mbali, kisha uamue mwenyewe; jicho lako halilazimiki kukubaliana na langu.

Njia nyingine ni kukataa umbo refu kabisa. Bendera za namna hii huko Ulaya mara nyingi zilikuwa za mraba au karibu na mraba, na Uswisi mpaka leo bendera yake ni ya mraba. Kata 60 kwa 60 na nembo ya Ureno inakaa bila ugomvi. Mraba ukiuona mara ya kwanza unaonekana wa ajabu, ukishauzoea unauona ule mrefu ndio wenye nafasi za bure.

Ngome saba kwenye pindo zinataka hesabu kidogo. Kwenye ngao hukaa tatu juu, na nne zilizobaki zinafuata mzingo hadi chini. Kitambaa hakina mzingo. Weka tatu juu, moja moja katikati ya kila ubavu, na mbili chini. Zote zisimame wima, hata za ubavuni. Usizilaze kufuata pindo. Na zote ziwe sawa kwa ukubwa. Wachoraji wa ngao huzoea kubana au kukuza vitu vya chini kwa sababu ngao huchongoka. Ukiinakili tabia hiyo kwenye mstatili, bendera itaonekana imeharibika mashineni.

Hapo hapo nikuonye kuhusu kompyuta. Ile kona ya picha unayoivuta kwa kipanya ili kitu kinenepe, iache. Unaweza kusogeza vitu, kuvikuza vyote kwa pamoja, hata kuvichora upya kwa umbo jingine, lakini usivivute upande mmoja. Tazama simba watatu wa Uingereza kwenye bendera ya mfalme wao. Robo wanayokaa ni pana, nao wamerefushwa mwili ili waijaze. Lakini waliorefushwa ni kiwiliwili na mkia, kwa kalamu ya mchoraji. Uso na makucha vimebaki vya simba. Simba aliyevutwa na mashine ana uso wa mtu aliyeumwa na nyuki.

Kwa kukufariji: mfalme Manuel I, huyo huyo aliyemtuma Vasco da Gama, alikuwa na tabia yako. Kabla yake wafalme wa Ureno walitandaza nembo juu ya kitambaa chote. Yeye akairudisha ndani ya ngao, akaiweka taji, akaibandika katikati ya kitambaa cheupe. Bendera ya Ureno ya leo, ya 1911, ingali na ngao iliyochorwa juu yake, pale kijani na nyekundu zinapokutana. Kwa hiyo wanaokucheka wana mfalme wa kumcheka pia. Lakini kwenye mazoezi yako fuata ya waliomtangulia.

Ukimaliza Ureno, suala la rangi litakuwa limeanza kukuingia. Elimu ya nembo inagawa rangi mafungu mawili. Manjano na nyeupe ni madini, yaani dhahabu na fedha. Nyekundu, buluu, kijani, nyeusi na zambarau ni rangi. Kanuni ni kwamba rangi haikai juu ya rangi, wala madini juu ya madini. Waliotunga kanuni hii walitaka kitu kionekane kwa mbali, kwenye vumbi, na mtu akiwa mbioni. Rudi utazame nembo ya Ureno: buluu juu ya nyeupe, nyeupe juu ya buluu, manjano juu ya nyekundu. Hakuna panapogongana.

Ukitaka mfano wa nyumbani, tazama bendera ya Kenya. Nyeusi, nyekundu na kijani, zilizokuwa za chama cha KANU, zote ni rangi. Zikigusana zinamezana, hasa jioni. Ile mistari miembamba myeupe baina yake tumefundishwa shuleni kuwa ni amani, na ni kweli, lakini kwa jicho la mchoraji inafanya kazi ya pili: inazitenganisha. Ngao ya nembo ya taifa imefanywa vivyo hivyo, na jogoo mweupe amesimama juu ya mkanda mwekundu, madini juu ya rangi. Siku ukiwa na rangi mbili zinazogombana na mwenyewe hataki kuziacha, pitisha uzi mweupe au wa manjano baina yake. Kanuni huvunjwa pia. Amsterdam mkanda mweusi umekaa juu ya nyekundu bila chochote kati, na kama si ile misalaba myeupe, bendera yao ingekuwa giza tupu.

Sasa mjomba.

Siwa mbili za pembeni ni mapambo, zinaondoka. Utepe unaondoka na jina lake na mwaka wake, na hapa jiandae kwa mabishano, kwa kuwa kikundi kitataka jina lao. Waambie jina liandikwe ubavuni mwa jahazi, ambako mtu analisoma likiwa limetulia. Maandishi kwenye kitambaa kinachopigwa na kusi hayasomeki, na upande wa pili yanageuka kinyume.

Ndani ya ngao mna vitu vitatu juu ya buluu. Mnazi wa kijani juu ya buluu ni rangi juu ya rangi. Kwa mbali ni doa. Jahazi la kahawia ni baya zaidi, kwani kahawia haimo kabisa katika rangi za asili za elimu hii, na juu ya buluu inazama. Mwezi wa manjano uko salama. Ungeweza kuvigeuza vyote vitatu vyeupe au vya manjano na kuvipanga, na kanuni ingetosheka. Mimi nisingefanya hivyo. Jahazi ndilo kikundi, mwezi unaweza kulisindikiza, mnazi haumwambii mtu jambo asilolijua kuhusu Lamu.

Na jahazi lenyewe usilichore lote. Kamba, usukani, nahodha, ubao wa pembeni, vyote vitapotea hatua ishirini kutoka ufukweni. Kinachotambulika kwa mbali ni tanga. Chora pembetatu moja kubwa: upande mmoja mrefu umelala kufuata foromali, ule mti unaobeba tanga, upande wa nyuma umevimba kidogo kwa upepo, chini mstari mfupi wa mashua kama ukitaka, na usipotaka uache. Likuze tanga mpaka lipungukiwe kidogo tu kugusa kingo za juu na chini. Watu wanaoanza huchora vitu vidogo kwa hofu. Kitu cha bendera kinatakiwa kikukere kwa ukubwa kikiwa mezani.

Rangi ya tanga nimeifikiria. Wewe mwenyewe utasema nyeupe, kwa kuwa tanga ni jeupe. Lakini bendera hii itapepea baina ya mbingu ya buluu, maji ya buluu, na matanga meupe ya wapinzani wote. Buluu na nyeupe pale Lamu siku ya mashindano ni sawa na kutokuwa na bendera. Badilisha: tanga liwe la manjano, mwezi uwe mweupe. Yote mawili ni madini, kwa hiyo hujavunja kitu. Hata uwanja wa buluu ukipotea ndani ya mbingu, ile pembetatu ya manjano itabaki. Kikundi kikiwa tayari kuibadilisha nembo yenyewe, ningewashauri uwanja mwekundu. Wazee wanaikumbuka bendera ya Sultani wa Zanzibar, nyekundu tupu isiyo na hata nukta, iliyopepea kwenye ukanda huu wetu wa pwani hadi Desemba 1963. Haikuwa na nembo wala herufi, na hakuna nahodha aliyeuliza ni ya nani.

Najua utaniuliza kuhusu siwa, maana ni kitu cha Lamu hasa. Umbo lake linapendeza, na siwa ya shaba ya manjano juu ya nyekundu ingekuwa bendera nzuri mno. Ila ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate zilikuwa vitu vya utawala na vya koo kubwa, zikipulizwa kwenye hafla zao. Kikundi cha mashindano kikiipandisha kwenye mlingoti, mzee mmoja atauliza kwa idhini ya nani. Waulizeni kwanza. Nakshi za milango nazo ziache mlangoni: ile minyororo na maua ya pindoni ni kazi ya kutazamwa kwa karibu, kwenye kitambaa inageuka ukungu.

Omo la jahazi, yaani sehemu yake ya mbele, lielekee mlingoti. Hii ni kanuni ya kila kitu chenye uso: simba, ndege, mtu, chombo. Ukiutazama upande wa mbele wa bendera, mlingoti uko kushoto kwako, na vyote vinatazama kushoto. Asili yake ni mpanda farasi aliyebeba bendera akienda mbele. Kitambaa kinabaki nyuma ya mti, na simba anayetazama mti anamtazama adui. Kwenye bahari kanuni hii ina kichekesho chake. Ukisafiri na upepo wa tezi, unaovuma kutoka nyuma, bendera inalala kuelekea omo, na jahazi ulilolichora litakuwa linarudi kinyumenyume. Usibadilishe kitu. Upande wa pili wa kitambaa mchoro unageuka wenyewe, omo likibaki kwenye mlingoti, na ndivyo inavyotakiwa.

Kitu muhimu kisogeze kidogo upande wa mlingoti pia, usikiweke katikati kabisa. Siku ya shwari bendera inaning'inia, na kinachoonekana ni theluthi ya kwanza tu.

Bismillahi: nakushauri usiandike. Kwanza ni lile la kugeuka. Saudi Arabia wenye shahada kwenye bendera yao hulazimika kuitengeneza ili isomeke kutoka kulia kwenda kushoto pande zote mbili, na hiyo ni kazi na gharama. Pili, na hili ni zito zaidi, bendera ya mashindano inaloa, inachanika, inaangukia kwenye tope la mkondo, inafutiwa mikono yenye mafuta. Saudi hawashushi bendera yao nusu mlingoti kwa heshima ya maneno yaliyomo. Ninyi mtaitundika kwenye mashua. Someni Bismillahi mkiondoka, inatosha.

Kuhusu sheria kwa ufupi, maana wachoraji wa uraibu hujikwaa hapa. Bendera ya taifa na nembo ya taifa zinalindwa na Sura ya 99 ya sheria za Kenya. Usichukue ngao yenye jogoo ukaigeuza bendera ya kikundi, na usiuze kitu chenye kuifanana. Kaunti nazo, kwa sheria ya serikali za kaunti ya 2012, zina alama zao, na hizo haziruhusiwi kufanana na za taifa. Kikundi kikitaka nembo yake itambuliwe rasmi, ipo sheria nyingine, Sura ya 98, ya 1968, inayohusu kutoa na kusajili nembo. Za wafalme waliokufa na miji ya mbali chora upendavyo nyumbani. Na mtu akikuahidi kwa malipo kukutafutia "nembo ya ukoo wako" kwa kutazama jina lako tu, mpe mgongo: katika elimu hii nembo hupewa mtu na kizazi chake, haipewi jina. Ukoo wenu ukitaka ngao, buni mpya.

Kwa kuchora, programu ya Inkscape ni ya bure na inatosha, kwani inachora kwa mistari inayokuzwa bila kuharibika. Weka ukurasa wa 900 kwa 600, tumia rangi tatu zilizojazwa bila vivuli, kisha punguza mchoro kwenye simu mpaka uwe na ukubwa wa ukucha. Kisichoonekana hapo, kifute.

Fundi cherehani wa kawaida ataishona, usiende kuichapisha. Akate tanga la manjano, alishone juu ya buluu kwa mshono wa zigizaga, kisha ageuze na kukata buluu iliyobaki nyuma ya tanga ili manjano ionekane pande zote mbili na kitambaa kisiwe kizito. Polista nyepesi inafaa kuliko pamba, kwa kuwa haikai na maji. Nyuzi nazo ziwe za polista. Upande wa mlingoti ashone mkanda wa maradufu mweupe na kamba ipite ndani yake kutoka juu hadi chini, ili uzito ubebwe na kamba badala ya kitambaa. Upande wa upepo, ule ulio mbali na mlingoti, ndio unaochanika kwanza: akunje mara mbili na apitishe mishono minne, kisha aongeze sentimita 5 za buluu kuliko mchoro unavyosema. Kusi ikishazitafuna, mjomba atakata ukingo ulionyooka na kukunja upya, na tanga halitaguswa.